Mako na Raleigh: busu ambalo halikupigwa

Mara ya kwanza nimeiona Pacific Rim ilikuwa kibanda umiza, nimekaa benchi la mwisho afu mbele yangu kuna jamaa kichwa kama ndoo, kwahiyo nusu ya muvi sikuiona nikawa naisikiliza tu kwa mdomo wa mtafsiri. Na mtafsiri mwenyewe hakuwa na shida na mtu, ye kila kitu alishakiamua mapema: Raleigh ni stelingi, Mako ni demu wa stelingi, na yule mzee mweusi mwenye suti ni baba mkwe. Ilipofika mwisho wale wawili wako katikati ya bahari wameegemeana vipaji vya nyuso, jamaa akamalizia kwa sauti ile ile ya kutangaza mpira, "na hapo ndo wakaoana, wakajaaliwa watoto wawili, ukiitaka namba mbili njoo kesho". Tukanyanyuka, tukapangusa vumbi suruali, kila mtu kwao. (Namba mbili yenyewe ilikuja kutoka 2018, sijui ilikuwa kesho ya wapi ile.) Miaka yote hiyo mi najua wale ni mke na mume.

Sasa siku nakuja kuiangalia yenyewe kama ilivyotengenezwa, kwenye laptopu, binamu yangu pembeni, nikawa nasubiri busu. Nikasubiri wee, majina yakaanza kupanda. Nikamuuliza binamu, hapa si walikuwaga wanakisi, au hii imekatwa? Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Akasema wakisi kwani wale wapenzi?

Ndo ugomvi ukaanzia hapo, na kumbe si wetu peke yetu, mashabiki wa hii muvi dunia nzima wanabishana hilo hilo toka ilipotoka 2013. Kuna wanaowashipu, yaani wanaamini wale ni wapenzi na wanawaombea mema, na kuna wanaosema ukiwashipu umeikosea heshima muvi nzima. Nimejikuta nimezama humo, kwahiyo leo nataka nikichambue hiki kisa mwanzo mwisho, na msimamo wangu nitausema, sitajifanya refa.

Kwa ambao hawajaiona. Chini ya bahari ya Pasifiki kumepasuka ufa, humo yanatoka madude marefu kama maghorofa yanaitwa kaiju, la kwanza linaivamia San Francisco. Dunia inaamua kuunda maroboti ya saizi hiyo hiyo yanaitwa Jaeger. Shida ni kwamba lile roboti ni zito mno kwa ubongo wa mtu mmoja, ukiliendesha peke yako linakumaliza, ndo wakabuni kitu kinaitwa drifti, watu wawili wanaunganishwa bongo zao, huyu anabeba kulia huyu anabeba kushoto, na wakishaungana kila mmoja anaona kumbukumbu zote za mwenzie, za utoto, za msiba, za aibu, zote, hamna cha kuficha. Raleigh Becket (Charlie Hunnam) alikuwa anaendesha roboti linaitwa Gipsy Danger pamoja na kaka yake Yancy. Mwaka 2020 wa kwenye hadithi, huko pwani ya Alaska, dude likamchomoa Yancy kutoka ndani ya kichwa cha roboti wakati bado wameunganishwa, yaani Raleigh alikisikia kifo cha kaka yake kwa ndani, afu ye akabaki hai. Miaka mitano baadae anakutwa anabeba vyuma kwenye ujenzi wa ukuta, Stacker Pentecost (Idris Elba) anamfuata amrudishe kazini Hong Kong, na pale helikopta inapotua, mvua inanyesha, kuna binti wa Kijapani na mwamvuli anawasubiri. Huyo ndo Mako Mori, ameigizwa na Rinko Kikuchi.

Na kukutana kwao kwenyewe ni raha tupu. Mako anamnong'oneza Pentecost kwa Kijapani kwamba huyu nilimfikiria tofauti, Raleigh anamjibu kwa Kijapani hicho hicho, tofauti kwa uzuri au kwa ubaya? Yani ni kama uko ndani ya daladala unamsengenya Mchina aliyekaa mbele yako, afu anageuka anamwambia konda "shusha hapo mbele". Mako aibu inamshika, anaomba radhi. Timu Mahaba (acha niwaite hivyo, si tumezoea mambo ya timu kwenye mitandao yetu) wanasema mchezo umeanzia hapo, hakuna mwandishi wa filamu anayewakutanisha watu wawili kwenye mvua na utani wa aina hiyo afu asiwe na nia. Timu Undugu wanasema mvua ni mvua.

Afu inakuja sini ya tundu la mlango, ambayo kama ni mahakamani hii ndo ingekuwa kielelezo namba moja. Vyumba vyao vinatazamana. Raleigh anabadilisha nguo, Mako kaingia kwake kafunga mlango, afu anarudi anaweka jicho kwenye katundu anachungulia. Mi nikamwambia binamu, haya sema, hapo anatafuta nini? Akarudisha nyuma, tukaangalia tena. Akarudisha tena. Mara ya tatu akasimamisha picha pale pale akaniambia angalia vizuri, mgongo na bega la huyu mtu vimejaa makovu, hayo ni ya siku kaka yake alipokufa, lile vazi la urubani lilimuunguza. Na huyu dada ameshasoma historia yake yote ya vita, anajua kila pigano alilopigana, anachokiona hapo ni ile siku aliyoisoma kwenye makaratasi imechorwa kwenye mwili wa mtu. We unaona kifua, mi naona makovu.

Nikasema sawa, ila jicho la mtu anayeangalia makovu halikai vile. Wala sijabadilisha mawazo mpaka leo, yule dada alikuwa anaangalia vyote viwili, na Kikuchi aliigiza vyote viwili, ile haraka ya kujitoa mlangoni kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni si ya mtu anayesoma faili. Hapo pointi nawapa Timu Mahaba bila kinyongo.

Ila sasa Timu Undugu wana hoja nzito kuliko tundu la mlango, na hoja yenyewe ni hesabu. Muvi inakuonyesha marubani wengine wanaoungana ubongo, na ukiwapanga unaona kabisa kuna kitu mwongozaji Guillermo del Toro na mwandishi mwenzie Travis Beacham walikuwa wanakifanya. Raleigh na Yancy, mtu na kaka yake. Herc na Chuck Hansen wa Australia, baba na mwana, na hawaelewani hata kidogo. Wale Wachina watatu, mapacha. Sasha na Aleksis Kaidanovsky wa Urusi, mke na mume. Kwahiyo drifti inakubali undugu, inakubali uzazi, inakubali ndoa, haina upendeleo, inachotaka ni watu wanaoweza kubebana. Ukisema Mako na Raleigh ni wapenzi kwa sababu wameungana vizuri, basi kwa hesabu hiyo hiyo uwaeleze na Herc na Chuck, na hapo utakuwa umejipeleka pabaya mwenyewe.

Timu Mahaba wanajibu, lakini katika hao wote, Mako na Raleigh tu ndo hawakuwa na chochote kabla. Wengine wote walizaliwa pamoja au walishaoana. Hawa walikutana ukubwani, kwa siku chache, na wakapatana. Sasa kitu gani kinawakutanisha watu wazima wawili wasio ndugu kwa kasi ile? Swali zuri. Na muvi inalijibu kwenye ile sini ya fimbo, pale Raleigh anapimwa na wagombea wa nafasi ya Yancy, anawaangusha mmoja baada ya mwingine, Mako yuko pembeni na kalamu anakunja uso, anasema huyu angeweza kuwamaliza mapema zaidi. Raleigh anamwambia njoo we. Anamkumbusha kwamba haya ni mazungumzo, sio mapigano. Na kweli unawaona wanaongea, kwa fimbo, hakuna anayemuonea mwenzie, hakuna anayemlegezea. Ukitaka kujua ni mahaba au sio mahaba angalia nyuso zao mwisho wa lile pigano, wote wawili wanakaribia kucheka. Mi nimewahi kucheza bao na mtu nikajisikia vile. Mwanaume mwenzangu, mzee, ana wajukuu. Sasa sijui na sisi tushipiwe.

Halafu kuna kitu ambacho sijaona mtu anakisema na mi ndo kimenifanya niandike haya yote. Muvi hii ina posa ndani yake.

Fuatilia hapo. Fimbo zikiisha tu Raleigh anamgeukia Pentecost mbele za watu anatangaza kwamba huyu ndo rubani mwenzangu. Pentecost, ambaye ndo aliyemlea Mako toka mtoto, anasema haiwezekani. Kijana anauliza kwanini, mzee hatoi sababu. Posa imekataliwa. Baadae, kwenye jaribio la kwanza la kuungana, mambo yanaharibika, Raleigh anayumba kidogo kwenye kumbukumbu ya Yancy na Mako ndo anazama kabisa kwenye ya kwake, mtoto mdogo peke yake katika mtaa wa Tokyo uliobomolewa, kiatu kimoja chekundu mkononi, analia, nyuma yake dude linakuja, na huku nje roboti lenyewe limeanza kuwasha bunduki ndani ya jengo lililojaa watu. Mzee anamuondoa Mako kazini. Kijana anamfuata mzee, anamwambia we ulimuokoa ukamlea, sasa humlindi tena, unamzuia. Na kwenye kumfuata huko anamshika mkono. Pentecost anageuka, na wote tunaoijua hii muvi tunaijua hiyo sini kwa moyo, anamwambia kwanza usiniguse tena, pili usiniguse tena.

We niambie kama hiyo sio sura ya kijana aliyekwenda ukweni bila mshenga. Amekwenda mwenyewe, mikono mitupu, kamshika mzee wa watu mkono, lazima atoke mbio.

Nilipomwambia binamu hii nadharia yangu nilijua nimemmaliza. Kumbe ndo nimempa fimbo ya kunichapia. Akasema vizuri, tuseme ni posa, sasa kiatu kakabidhiwa nani? Nikanyamaza. Maana kabla ya lile jaribio Pentecost alikwenda chumbani kwa Mako na kile kiatu chekundu, amekitunza miaka yote toka siku ile ya Tokyo, akamwambia zamani nilikupa ahadi, akamkabidhi mkononi. Raleigh hayupo. Hajaitwa, hajaambiwa, ye anakuja kumuona tu Mako amevaa vazi la urubani anaingia, akabaki anashangaa kama sisi. Kwenye posa, binamu anasema, kila kitu kinapita kwa wazee kinaishia kwa muoaji, binti anasubiri ndani asikie ameozeshwa kwa nani. Hapa binti ndo amekabidhiwa mambo yake mwenyewe, afu yule kijana akapewa taarifa. Kilichokuwa kinatafutwa sio mume, ni kisasi cha familia yake, na Mako ndo aliyekuwa anakitafuta toka yuko mdogo. Na angalia anachosema siku anapochomoa lile panga wakiwa juu angani na lile dude lenye mabawa. Anasema kwa ajili ya familia yangu. Hasemi kwa ajili yetu.

Aisee nilitafuta la kujibu nikakosa. Hapo pointi ya Timu Undugu, na ni pointi kubwa.

Lakini kesi haijaisha, maana kuna sentensi moja ya Raleigh ambayo Timu Undugu huwa wanaipita kama hawajaiona. Kabla ya safari ya mwisho wamesimama wawili wanaliangalia roboti lao, Raleigh anamwambia kwamba miaka yote hii nimekuwa naishi kwenye yaliyopita, sikuwahi kufikiria kesho mpaka sasa, afu anaongeza kwa unyonge kwamba hajawahi kuwa mtu wa kujua muda muafaka. Jamani. Mwanaume anayeenda kufa anakwambia hakuwahi kufikiria kesho mpaka alipokutana na we, unahitaji mkalimani hapo? Binamu anasema kesho ni kesho, mtu aliyekuwa na msiba wa kaka yake miaka mitano ndo ametoka kwenye msiba, mshukuru Mungu. Mi nasema mtu akitoka msibani anaenda kuoga, haangalii mtu machoni vile.

Na mwisho wenyewe sasa, tuuangalie taratibu. Wako ndani ya ule ufa, hewa ya Mako inaisha, Raleigh anamuunganishia ya kwake, anamwambia kilichobaki ni kuanguka tu na kuanguka kila mtu anaweza, anamrusha juu kwenye kile kidude cha kujiokolea. Ye anabaki, analipua kila kitu, anatoka dakika za mwisho. Kidude chake kinaibuka, Mako anaogelea anakifuata, anapanda, anamkuta hatikisiki. Hapigi kelele ya sinema. Anamkumbatia tu anamng'ang'ania, mpaka sauti inatoka chini kwamba unanibana sana. Anamuachia, wanacheka, wanaegemeana vipaji vya nyuso. Helikopta zinakuja. Kamera inapanda juu na kuwazunguka, wao wamekaa pale wadogo katikati ya maji, na midomo haijasogeleana hata kidogo. Kamera ilikuwa na muda wote duniani wa kuwasubiri, kama ni busu lilikuwa na nafasi ya kutosha. Kwahiyo usiniambie walisahau. Kuna watu walikaa kwenye kuhariri wakaangalia hiyo picha wakaamua ibaki hivyo.

Kwanini? Na hapa ndo mabishano yanaacha kuwa ya utani, maana watu wawili wanaweza wakaona busu moja lililokosekana na kila mmoja akaumia kwa sababu yake.

Chukua Romeo Must Die, ya mwaka 2000, ya Jet Li na Aaliyah, vibanda umiza vyote vya kizazi changu vimeipiga mpaka kanda ikachuja. Mwisho pale stelingi amemaliza kazi, anamkuta dada, wanakumbatiana, basi. Tuliambiwa Wachina ndo walivyo, wana aibu. Baadae ikaja kuandikwa sana kwamba busu lilipigwa picha kabisa, ila walipowaonyesha watazamaji wa majaribio huko Marekani hawakulipenda, mwanaume wa Kichina na dada mweusi, likaondolewa, likawekwa kumbatio. Sasa mtu aliyekulia na hiyo stori ukimwonyesha Mako na Raleigh wanakumbatiana badala ya kukisi, la kwanza atakalofikiri ni haya, wameanza tena, mzungu na dada wa Kijapani wamewaogopa. Huyo anashipu kwa hasira, na ana haki.

Ila mgeukie dada wa Kiasia mwenyewe anayeangalia. Huyu historia yake ya sinema ni kinyume. Mwanamke wa Kijapani au Kichina kwenye muvi za Magharibi kazi yake miaka na miaka ilikuwa ni kumpenda mzungu, kumlilia mzungu, na mara nyingi kufa kwa ajili ya mzungu. Kwake kumuona Mako anapigana, analipiza kisasi chake, anabaki hai na hajagawiwa kwa stelingi kama kikombe cha ubingwa, hiyo ndo zawadi. Del Toro mwenyewe alieleza kwenye mahojiano wakati ule kwamba alitaka mwanamke mwenye nguvu sawa na wanaume wa kwenye muvi, sio wa kuvalishwa kaptula fupi awe pambo. Na mashabiki walilipokea hilo vizuri mpaka wakatengeneza kipimo chenye jina lake. Kuna kile kipimo cha zamani cha Bechdel, kutoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya 1985, kinachotaka wanawake wawili waongee kitu ambacho sio mwanaume, na Pacific Rim inafeli vibaya kabisa, Mako na yule Mrusi Sasha hawasemezani hata neno. Basi mashabiki wakasema hapana, tupimeni na hivi: yupo mwanamke, ana safari yake mwenyewe, na hiyo safari haipo kwa ajili ya kubeba hadithi ya mwanaume. Wakakiita kipimo cha Mako Mori. Ndo ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba Mako ni demu wa stelingi anaona umemnyang'anya kitu kutoka mkononi.

(Kuna na kundi la tatu la watu ambao wenyewe hayo mambo ya mahaba hayawakai kabisa moyoni, hawana hamu nayo, wakajiona kwa mara ya kwanza kwenye muvi ya mamilioni ya dola. Wale nawaelewa na sibishani nao.)

Mi tatizo naona ni neno. Waingereza wana neno moja tu, love, na humo wamepakia mama, mchumba, mbwa na ice cream. Sisi tunayo upendo, tunayo mapenzi, tunayo mahaba, na kila mtu mzima anajua ukimwambia dada yako una mahaba nae utapelekwa kwa mganga. Ukiliuliza swali kwa Kiswahili nusu ya vita inaisha pale pale. Je, Mako na Raleigh wana upendo? Hilo hata binamu habishi, mtu amempa mwenzie hewa yake ya mwisho. Wana mapenzi? Hapo inategemea umelitamkaje. Wana mahaba? Hapo ndo kesi ilipo. Na cha ajabu neno lenyewe la kupenda kwenye hii muvi limetamkwa, ila Mako analitamka kwa Pentecost, kwa Kijapani, pale mzee anapomuaga kwenye redio anamwambia utanikuta siku zote kwenye drifti. Anamwita mwalimu, anamwambia anampenda. Tamko pekee la aina hiyo limeenda kwa baba.

Msimamo wangu basi, nimeahidi kuusema. Mi nasema kulikuwa na mahaba, machanga, yamechungulia tundu la mlango na yamesema ile sentensi ya kesho, na muvi ikayaona ikayaacha yalivyo bila kuyavuna. Barua ya posa imeandikwa haijatumwa. Timu Undugu wakisema barua haijafika wako sahihi, ila wakisema haijaandikwa nawakatalia. Na Timu Mahaba wakianza kunionyesha watoto wawili kama yule mtafsiri wangu, nao nawakatalia.

Namba mbili haikusaidia kitu. Ilitoka 2018, mwongozaji mwingine, Steven S. DeKnight, stelingi safari hii ni John Boyega, mtoto wa damu wa Pentecost. Raleigh haonekani kabisa. Mako yupo, amekuwa mkubwa huko kwenye jeshi lao, na kabla muvi haijafika mbali anakufa kwenye helikopta huko Sydney. Hapo ndo timu zote mbili zililia pamoja kwa mara ya kwanza, maana hata kama ulikuwa humshipu na mtu, yule dada hakustahili kufa kwenye helikopta ili kaka yake apate hasira. Kipimo chenye jina lake angekifeli mwenyewe. Mi hiyo sehemu huwa naihesabu haikutokea.

Sasa siku ile ya mabishano yetu, shangazi alikuwa sebuleni hapo hapo anachambua mchele. Kizungu hajui, muvi aliingia katikati, pale kwenye mtoto na kiatu, akaacha kuchambua akaangalia mpaka mwisho, hatukujua kama yuko nasi. Tumefika kwenye kilele cha kelele, mi nasema wangekisi, binamu anasema wasingekisi, akatuuliza yule mzee mweusi aliyekuwa anamlea huyo binti, si ndo kafa sasa hivi? Tukasema ndio shangazi, kajilipua na bomu ili wao wapite. Akasema leo? Tukasema ndio, kama nusu saa hivi.

"Mtu kafiwa na baba yake hata tanga halijawekwa, nyie mnamtafutia wa kumpiga busu."

Binamu akapiga makofi, akahesabu hiyo kama pointi yake, mi nikalalamika kwamba shangazi hajasema hawapendani, amesema sio leo, ambayo ndo naisema mimi toka asubuhi. Shangazi hakutujibu. Akasukuma ungo pembeni, akasema huyo mtoto alikuwa na kiatu kimoja, cha pili kilienda wapi, hebu nirudishieni pale nione.